Mgiriki Alivyovuruga Posa

Benchi letu liko ubavuni mwa kibanda cha simu, chini ya bati linalovuja upande mmoja, ndiyo maana upande ule tunawaachia wageni. Kulia kuna karakana ya kuchomelea vyuma, kushoto kuna cherehani yangu, na katikati Mama Buli hukaa na jiko lake la mkaa, akimimina kahawa kila asubuhi mpaka buli likohoe. Wa kudumu ni watatu, ukiniacha mimi ninayeshona huku nasikiliza. Kuna Katibu, karani mstaafu, ambaye bado huchomeka kalamu mfukoni na hutoa methali kama mtu anayegonga mihuri bila kusoma kilichoandikwa. Kuna Daktari, ambaye wagonjwa wake wote ni simu. Na kuna mwenye karakana, ambaye tangu zamani tulimwita Fundi Grili kwa ajili ya madirisha yake, mpaka alipoanza kusoma falsafa ya Wagiriki wa kale kwenye mtandao, bure, kutoka chuo kikuu cha ng'ambo. Hapo jina likajirefusha lenyewe. Akawa Mgiriki.

Mwanzoni tulifurahi naye. Alikuwa akitazama mihadhara ya profesa mmoja mwenye mvi, shati nusu ndani nusu nje, anayetembea mbele ya ubao kama aliyepoteza funguo. Halafu maswali yakaanza. Mteja akija kuagiza mlango, anaulizwa mlango ni nini. Akisema ni kitu cha kufunga, anaulizwa kama kifungo cha shati nacho ni mlango. Wateja wawili watatu walihamia kwa fundi wa barabara ya pili, ambaye hana elimu lakini ana milango.

Asubuhi ninayoisimulia, Mgiriki alikuja na shati la jana, akafungua karakana, akavaa kofia ya kuchomelea na kuwasha moto wa gesi, kisha akauacha ukiwaka akaenda kuketi upande wa bati linalovuja. Tukajua kuna jambo.

— Haya, tupe habari za posa, — Daktari akasema. — Tushone nguo za harusi au bado?

Kijiwe kizima kilijua. Jana yake wazee wa kijana wa tanuri la mikate walikuwa waje kumposa mdogo wake Mgiriki, yule binti wa duka la dawa. Baba yao alishafariki, kwa hiyo kaka mtu ndiye aliyekalia kiti cha baba.

— Wameondoka, — Mgiriki akasema.

— Kwani ulitaka walale?

— Wameondoka kabla ya chai.

Mama Buli akaacha kumimina, kikombe kikiwa nusu.

— Umewaambia nini watoto wa watu?

— Sikuwaambia kitu, Mama Buli. Niliuliza tu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

— Uliuliza nini?

— Nilimgeukia kijana nikamwambia, unasema unampenda mdogo wangu. Haya, mapenzi ni nini?

Daktari akajishika kichwa.

— Mbele ya wazee?

— Mbele ya wazee. Ukweli hauna chumba cha nyuma.

— Akajibu?

— Alitazama kwanza mikono yake. Halafu akasema, "Mimi natoka kazini alfajiri. Mkate wa kwanza kutoka tanurini nauweka pembeni, naufunga kwenye kitambaa usipoe, nampelekea kabla hajafungua duka."

Mguu wangu ukasahau kukanyaga cherehani.

— Mbona hilo ni jibu zuri, — nikasema.

— Fundi cherehani, huo ni mfano! Mimi sikuomba mfano, niliomba maana. Profesa ametuonya: ukimwuliza mtu wema ni nini, usikubali akuhesabie matendo mema. Sokrates hakukubali mifano.

— Ukamwambia hivyo?

— Nilimwambia, huo ni mkate, na mkate si mapenzi. Kama mkate ndio mapenzi, basi kila mteja wako ni mchumba wako.

Kahawa ikamtoka Daktari puani. Katibu akampiga mgongoni bila kugeuka.

— Hapo baba mkubwa wa kijana akasimama, — Mgiriki akaendelea, na sauti sasa ikashuka. — Akasema, "Tulikuja kuposa, hatukuambiwa kuna mtihani." Wote wakavaa viatu. Mama anaingia na sinia la chai, anakuta viti.

Katibu akakohoa, tukajua muhuri unakuja.

— Ndiyo maana wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Sasa hapo kapona nani, Katibu?

— Methali haihojiwi, Daktari. Methali inapokewa.

— Na binti mwenyewe je? — Mama Buli akauliza.

— Hanisemeshi. Asubuhi amenipita uani kama anapita nguzo ya umeme. Mama naye ameniambia nichague, nyumba yake au Wagiriki wangu.

Macho yalikuwa mekundu, na si kwa kuchomelea. Mtu aliyemlea mdogo wake tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, leo anapitwa kama nguzo. Tukaona tumsaidie. Na kijiwe kikiamua kukusaidia, ndugu yangu, kimbia.

— Kosa si lako, — Daktari akaanza. — Kosa ni la chuo. Mimi nilisema tangu siku ya kwanza, cha bure kina mwenyewe. Jiulize, hawa watu wana maswali hayo kwa zaidi ya miaka elfu mbili, wameshindwa kuyajibu. Wafanye nini? Wameyavaa mpaka yamechakaa, sasa wanatufungia marobota. Hayo ni maswali ya mitumba!

— Si kweli, — Mgiriki akasema. — Profesa anafundisha kwa moyo.

— Umewahi kumwona akijibu?

Mgiriki akafikiri.

— Hujibu kwa swali.

— Umeona! Mtumba kwa mtumba.

— Tatizo ni kwamba mlikaa kwenye posa bila makaratasi, — Katibu akasema. — Mwambie Daktari kile ulichotuambia juu ya fomu.

Hapa nieleze. Mgiriki alikuwa akisoma maandishi ya Kiswahili yanayopita chini ya video, na hayo hutafsiriwa na mashine. Mashine ikamwambia kwamba vitu vyote vya duniani ni nakala hafifu, na kwamba vyenyewe halisi viko juu, havionekani, havichakai, na vinaitwa fomu. Mgiriki alilichukua hivyo hivyo. Katibu ndiye aliyelipenda somo kuliko wote. Alitumikia ofisi maisha yake yote akichekwa kwa ajili ya fomu, leo anaambiwa hata huko juu ndizo zinazotawala.

— Mapenzi halisi ni fomu, — Katibu akasema, kidole hewani. — Huyu kijana alileta nakala. Na nakala yenyewe haikuthibitishwa! Dawa ni moja: arudi akaombe fomu, aijaze, ataje jina la mkate na saa ya kuutoa. Samaki mkunje angali mbichi.

— Samaki ni nani hapo?

— Ni mkate.

— Nyie, — nikasema, — si aende tu akawaombe radhi wale wazee?

Wakanitazama kama niliyeomba kikombe cha pili bila kulipia cha kwanza.

— Fundi, wewe uko pangoni, — Mgiriki akaniambia kwa upole. — Sote tumefungwa kwenye pango, tunatazama vivuli ukutani, tunadhani ndiyo dunia.

— Mimi niko kwenye pango miaka yote, — Daktari akadakia, — na mwenye nyumba kila mwezi ananikumbusha.

— Turudi kwenye ajenda, — Katibu akasema. — Huyo Sokrates wako, mwisho wake ulikuwaje?

— Walimshtaki. Wakasema anapotosha vijana na kusumbua watu kwa maswali. Wakamhukumu kunywa sumu.

— Waliomhukumu ni nani?

— Watu wa mjini kwake.

Katibu akachomoa kalamu mfukoni. Nilimfahamu vya kutosha kujua hapo hakuna wa kumzuia.

— Basi tuna mfano wa kisheria! Wale wazee wameudhika kwa sababu hawajaona mtu akiadhibiwa. Tumhukumu sisi, tuwapelekee taarifa, waone haki imetendeka. Mahakama ya benchi sasa imekaa.

— Imekaa tangu alfajiri, — Mama Buli akasema. — Na haijalipa.

— Mshtakiwa simama! Shtaka la kwanza, kumpotosha kijana wa mikate. La pili, kufukuza wageni na chai iko jikoni. Unakiri?

Nami nilidhani Mgiriki atakataa. Lakini mtu mwenye uchungu hushika chochote. Akasimama, akavua kofia ya kuchomelea.

— Kukiri ni nini? — akauliza.

— Shtaka la tatu! — Daktari akapiga kelele.

Wakamtia hatiani. Kura zilipigwa kwa vikombe, na Mgiriki mwenyewe alipiga kura ya kujihukumu, akisema Sokrates naye hakuikimbia sheria. Adhabu: atapiga magoti mbele ya baba mkubwa wa kijana, anywe kikombe cha machicha ya kahawa bila sukari, mpaka kiishe, bila kuuliza kitu.

— Nitarekodi, — Daktari akasema. — Tena tuweke mtandaoni bure. Wao wanatufundisha bure, na sisi tuwafundishe bure. Wakimaliza kuiona, chuo kizima kitahamia hapa!

— Kwa nini wahamie? — Katibu akauliza, na macho yakang'aa. — Tufungue chetu. Chuo Kikuu cha Benchi. Mimi Makamu Mkuu, maana nina uzoefu wa ofisi. Daktari atashika mitambo. Fundi, utashona majoho.

— Na mimi? — mshtakiwa akauliza.

— Wewe utakuwa mkuu wa kitivo cha falsafa. Baada ya kutumikia adhabu, bila shaka. Haba na haba hujaza kibaba.

Mgiriki akatabasamu, mara ya kwanza asubuhi ile. Wakaanza kugombania ofisi ya Makamu Mkuu itakaa upande upi, maana bati linavuja. Katibu akataka kibanda cha Daktari, Daktari akasema kibanda ni maabara. Mgiriki akaingilia akitaka kwanza tukubaliane ofisi ni nini. Muda mrefu ulikuwa umepita tangu mtu yeyote amtaje binti.

Na binti alikuwa amesimama pale. Sijui tangu lini. Alivaa koti lake jeupe la duka la dawa, mfuko begani, na alikuwa akimtazama kaka yake aliyeshika kofia mkononi.

— Shikamooni, — akasema.

— Marahaba, — Katibu akaitikia na kujiweka sawa. — Karibu mwanangu. Kesi yako tumeishughulikia. Imefika hatua nzuri sana.

— Kesi yangu?

— Ya posa yako. Kaka yako amehukumiwa.

Binti hakucheka. Hakukasirika pia, na hilo ndilo lililotutisha.

— Kaka, — akasema, — jana sebule ilijaa wanaume. Wewe ulimuuliza yeye mapenzi ni nini. Baba yake mkubwa akakuuliza wewe kama huu ni mtihani. Mama akawauliza wote wanakwenda wapi. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nimeshika vikombe. Leo naona na hapa mmeulizana mpaka mmeanzisha chuo.

Akatuzungushia macho, mmoja mmoja, mpaka kwenye cherehani yangu.

— Kuna hata mmoja aliyeniuliza mimi nataka nini?

Daktari akaichukua simu ya mteja, akaanza kuifungua, na ilikuwa imeshatengenezwa. Katibu alifumbua mdomo tukangoja methali, lakini siku hiyo hapakuwa na methali ya kufaa wala ya kutofaa. Mimi niliinamisha kichwa kwenye pindo. Mama Buli peke yake ndiye aliyemtazama usoni, halafu akalitikisa buli.

— Kahawa imekwisha, — akasema. — Ondokeni.

Mgiriki alibaki amesimama. Nilimwona akitaka kusema kitu cha profesa, akakimeza. Akaiweka kofia kwenye benchi.

— Mdogo wangu, — akasema, — unataka nini?

— Nachelewa kufungua duka. Nisindikize. Njiani nitakuambia.

Wakaondoka, karakana ikabaki wazi na moto wa gesi ukiwaka. Ilibidi Daktari akauzime.

Wazee walirudi kabla ya mwezi kwisha. Safari hii binti aliketi sebuleni, kaka mtu ndiye aliyepeleka sinia la chai, na nasikia mama yake alimkataza kuuliza hata kama sukari inatosha. Majibu waliyoyataka waliyapata kutoka kwa mwenyewe, na wakanywa chai mpaka birika likaongezwa. Mgiriki bado anasoma, yuko somo la mwisho mwisho, ila wateja wa milango sasa wanapata milango.

Sisi kilichotukera ni kingine. Katibu hakulala kwa kutaka kujua binti alisema nini siku ile njiani. Alimbembeleza Mgiriki, akamnunulia kahawa, akamtishia kumvua kitivo.

— Mimi nilimuuliza nikajibiwa, — Mgiriki akasema. — Kamuulizeni mwenyewe.

Duka la dawa liko pale mbele, ukikaa kwenye benchi unaliona. Tunaliona kila siku. Mpaka leo hakuna aliyekwenda.