Bi Rudia na Chembe Zilizokosekana

Ijumaa tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne na miezi miwili ya utumishi, mtaalamu wetu mkuu wa maabara ya damu atavua koti lake jeupe kwa mara ya mwisho. Kwenye faili ana jina refu na cheo kirefu zaidi. Humu ndani, kuanzia mlinzi wa getini hadi mganga mkuu, anaitwa Bi Rudia.

Jina hilo alilipata kihalali. Sampuli isiyo na lebo: rudia. Kioo kilichopakwa damu nzito kama uji: rudia. Siku moja daktari bingwa wa upasuaji alileta damu yake mwenyewe, akasahau kuandika jina kwenye kichupa. Bi Rudia akamrudishia pale pale dirishani. "Wewe nakujua, daktari. Hii damu ndiyo siijui." Bingwa akaenda kukunja shati mkono wa pili.

Alianza kama mwosha vioo, akasoma jioni miaka mitatu hadi akakabidhiwa hadubini. Mashine ya kuhesabu chembe za damu ilipoletwa, sote tulishangilia, naye akiwemo.

Miaka kumi na moja iliyopita, binti wa miezi minne alilazwa kwa nimonia ya tatu. Mashine, ambayo wakati ule ilitoa jumla tu, ilionyesha chembe nyeupe, yaani askari wa mwili, ni za kutosha. Wodi ikajiandaa kumruhusu. Bi Rudia, moyo ukikataa, alipaka tone kwenye kioo akatazama kwa macho yake. Chembe zinazomeza vijidudu zilijaa tele. Lakini limfosaiti, zile zinazomtambua adui na kumkumbuka, ambazo kwa mtoto wa umri ule hupaswa kuongoza kwa wingi, alipata tatu tu katika chembe nyeupe mia mbili. Kioo cha pili: nne.

Akapanda wodini. Mama wa mtoto akamweleza kwamba miaka miwili nyuma alimzika kaka yake binti huyo, kwa kikohozi kile kile. Bi Rudia akashuka kufukua madaftari ya zamani. Majibu ya yule kaka yalikuwemo: jumla ya kuridhisha, hakuna kioo kilichotazamwa, na sahihi chini ilikuwa yake.

Angeweza kulifunga daftari. Alilibeba hadi kitandani.

"Majibu ya kaka yake niliyapitisha mimi, mama. Sikutazama. Huyu simwachi."

Mama akaitazama ile sahihi. "Basi usimwache, dada."

Hakumwacha. Alimfuata daktari wa watoto hadi kantini, akamkalisha mbele ya hadubini chai yake ikipoa. Mtoto akatengwa kwenye chumba safi siku hiyo hiyo. Vipimo vikathibitisha kwamba amezaliwa bila kikosi hicho cha kinga, akapelekwa hospitali kubwa zaidi, akapandikizwa uboho wa dada yake mkubwa, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza chembe za damu, nao ukamfaa. Leo yuko darasa la tano na hesabu zinamtoa jasho.

Kisha Bi Rudia akauandikia uongozi: kila mtoto mchanga anayelazwa mara ya pili, damu yake itazamwe na binadamu. Akajibiwa kuwa wafanyakazi hawatoshi. Akaandika tena, akajibiwa vile vile. Barua ya tatu iliambatana na ratiba, zamu ya saa kumi na mbili asubuhi ikiwa na jina lake kila siku ya juma. Uongozi ukasalimu amri.

Utaratibu huo umewabaini watoto wengine watano. Ametutaka tuandike pia kwamba wawili hawakupona. Tumeandika.

Bi Rudia, umetufundisha kazi, ukatufundisha na kukiri kosa bila kukimbia. Asante sana. Nenda ukalale hadi jua likuchome, ukawachoshe wajukuu, na afya yako iwe ya chuma. Vioo vya Jumatatu asubuhi tutavitazama wenyewe, kimoja kimoja.