Anastazia Shemboza na Bweni la Lina

Wamefika hapa Mikanjuni leo, Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, Ayubu Mhina, mume wa marehemu, na watoto wao wawili, Lucas na Lina, amefika Leticia Shemboza, mdogo wake, aliyemuuguza tangu mwanzo, amefika mama yao mzazi, Anjela, ambaye yumo ndani kwa sababu miguu imemkataa, amefika Dk. Godlisten Nderumaki, mkuu wa ofisi ya wafadhili ya Chuo Kikuu cha Mwambani, pamoja na shada la maua la chuo, na wamefika kutoka Ngamiani Bi Shamsiya binti Nadir na mpwa wake Badr, ambao familia imewaomba waketi mbele. Anayesoma ni Timotheo Shemboza, kaka mkubwa wa baba wa marehemu. Jana familia iliombwa, kwa upole, mambo ya kazini yapitiwe kwa ufupi, ikashauriana, ikaona kwamba marehemu aliifanya kazi hiyo miaka kumi na minane, na kwamba historia isiyoitaja ingekuwa ya mtu mwingine.

Anastazia alizaliwa tarehe 4 Septemba 1979 Kigombe, kwenye kambi ya wakata mkonge, mtoto wa kwanza wa Lucas Shemboza, aliyeshuka kutoka Mlalo kutafuta kazi, akabatizwa Kilutheri Krismasi ya mwaka huohuo, na kwa kuwa majirani wengi wa kambi walikuwa Waislamu, alijua kuitikia salamu za pande zote mbili kabla hajajua kusoma. Alianza darasa la kwanza Kigombe mwaka 1987, akamaliza la saba mwaka 1993, akasoma sekondari Korogwe, kisha akaenda Dar es Salaam kwa shahada yake kuanzia mwaka 2001 hadi 2004, ambako alipanga na wenzake chumba kimoja kilichovuja, wakawa wanapikia kwenye korido kwa zamu, wakifukuzwa na mwenye nyumba kila moshi ulipozidi, jambo ambalo hakulisahau.

Aliajiriwa Chuo Kikuu cha Mwambani tarehe 1 Machi 2006, katika ofisi ya wafadhili. Kazi yake, kwa wasioijua, ilikuwa kuwatunza watu waliokipa chuo mali zao, kuwashukuru, kuwapelekea habari za walichokitoa, na kuhakikisha kwamba kilichotolewa kwa jambo fulani kinabaki kwenye jambo hilo. Watu walidhani kazi hiyo ni kuomba, naye aliwajibu kwamba waombaji wako wengi, yeye amewekwa pale ili mtu akishatoa asijute.

Alifunga ndoa na Ayubu Mhina tarehe 12 Julai 2008, kanisani hapahapa Tanga, na tarehe 20 Mei 2010 wakampata Lucas.

Mwaka 2011 alimpokea ofisini Bi Shamsiya binti Nadir, ambaye binti yake wa pekee, Lina, alikuwa amefariki akijifungua, na ambaye aliuza shamba lake la minazi la Mkwaja ili lijengwe bweni la wasichana kutoka vijiji vya pwani, tangu Moa hadi Mkwaja, ambao wazazi wao hawawezi kuwapangia mjini. Alitaka mambo matatu, bweni liitwe Bweni la Lina, liwe na jiko ambamo wasichana watajipikia wenyewe bila kufukuzwa, na kila mwaka, mwezi wa Shaabani, wasichana wanaolala humo waje kwake Ngamiani kula hitima ya mwanawe. Chuo kilikubali, na aliyemshika mkono akamwahidi kwamba yatatunzwa ni Anastazia. Bweni lilifunguliwa mwaka 2012, na kila Shaabani iliyofuata Anastazia, Mlutheri, alijitanda kanga akawaongoza wasichana kwa miguu hadi Ngamiani, wakala ubwabwa wa nazi, wakaitikia dua. Bi Shamsiya alimwita mwanangu. Tarehe 9 Februari 2014 Anastazia alipojifungua mtoto wa kike, Bi Shamsiya ndiye aliyempa jina, na jina hilo ni Lina.

Mwaka 2022 alipatikana mfadhili mwingine, mkubwa zaidi, ambaye wageni wake walihitaji mahali pa kulala. Wasichana waliambiwa wahame ndani ya wiki moja, jiko likavunjwa likawekwa mapokezi na viyoyozi, na jina lililokuwa juu ya mlango likabanduliwa, wasichana wengine wakapanga vyumba Ngamiani, wengine wakarudi kwao na hawajaonekana tena chuoni. Bi Shamsiya hakuambiwa. Shaabani ya mwaka 2023 ilipokaribia, Anastazia aliagizwa achukue wasichana wa mabweni mengine, wajitande, waende kula. Akaenda nao. Bi Shamsiya akamuuliza mmoja wao, "Mwapika nini siku hizi kwenye jiko lenu?" msichana akamtazama Anastazia, kisha akajibu, "Wali, bibi," na bibi akacheka, akasema, "Kila siku wali? Mtaota vitambi kabla ya kuolewa," wote wakacheka, na Anastazia akalishika tonge lake hadi likapoa. Alimwambia Leticia jioni ile kwamba tangu azaliwe hakuwahi kuona chakula kikimkataa namna ile.

Shaabani ya mwaka 2024 aliagizwa hivyohivyo. Alipokataa aliambiwa, mbele ya wenzake, "Mama Lina, wapeleke tu, pilau haina kitambulisho, na yule bibi ana miaka themanini, haji huku kukagua," na ofisi ikacheka. Aliyesema yupo hapa, naye atakumbuka kama maneno hayo yamesomwa sawasawa, isipokuwa kwamba chakula kilikuwa ubwabwa, hakikuwa pilau.

Anastazia alikwenda Ngamiani peke yake. Sufuria zilikuwa jikoni, mikeka imeshatandikwa. Alimwambia Bi Shamsiya yote, akiwa amesimama.

"Basi wale wa mwaka jana walikuwa nani?"

"Wanafunzi wa mabweni mengine, mama."

"Na wewe ukakaa hapa kwangu, ukainua mikono, ukaitikia amina juu ya mwanangu?"

"Niliitikia, mama."

"Toka, Anastazia."

Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwita kwa jina. Mlango ulifungwa, na hata mtoto Lina, aliyekuwa akienda pale kila Ijumaa kula visheti, hakwenda tena.

Badr alifika chuoni kuuliza, akaambiwa kwamba suala linafanyiwa kazi, na hadi leo linafanyiwa kazi. Anastazia aliambiwa kwamba ametoa siri za ofisi na kuharibu uhusiano na mfadhili, na mwezi Aprili 2024 akahamishiwa stoo, kusimamia viti vya mahafali. Hakulalamika. Alichokuwa akimuuliza Leticia, kila aliporudi kutoka sokoni Ngamiani, ni kama amemwona Bi Shamsiya, na kama Bi Shamsiya amemuulizia.

Novemba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, na Mei mwaka huu akalazwa. Tarehe 3 Juni Leticia alikwenda Ngamiani bila kutumwa na mtu. Bi Shamsiya alimsikiliza hadi mwisho, akauliza, "Anakula?" akaambiwa anakunywa uji tu, akasema, "Mwambie mwanangu nakuja Idi ikipita, nakuja na ubwabwa wa Lina, na asiniambie ameshiba." Anastazia alipopewa habari hizo aliomba akatwe kucha na asukwe nywele, na akaomba kitanda kigeuzwe kidogo ili autazame mlango.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi aliyolazwa, inawashukuru majirani wa Mikanjuni waliochota maji na kupika tangu Jumanne, na inawashukuru wafanyakazi wa stoo ya viti, ambao ndio waliochimba kaburi. Chuo nacho kinashukuriwa kwa rambirambi iliyosomwa hapa punde, ambayo maneno yake aliyatunga marehemu mwenyewe mwaka 2009, kwa ajili ya wafadhili wanaofariki, na sasa limebadilishwa jina tu. Anastazia apumzike mahali ambapo ahadi yake haitavunjiwa jiko na mtu.

Limebaki jambo moja. Jumatano tarehe 11 Juni, saa nne asubuhi, Bi Shamsiya alifika wodini, Badr nyuma yake amebeba sufuria iliyofungwa kwa kanga, wakakikuta kitanda kimetandikwa shuka safi, bado kimeelekea mlangoni. Anastazia Lucas Shemboza alifariki Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa kumi jioni.