Lori Namba Saba Linastaafu na Ufa Wake

Baada ya miaka arobaini na miwili ya kazi, kumi na tisa jeshini na ishirini na mitatu katika idara yetu ya barabara hapa Taifa la Choctaw, kwetu sisi wenyeji asilia, Lori Namba Saba linastaafu rasmi Jumamosi hii, tarehe 6 Juni. Litasimama kwenye uwanja wa kumbukumbu ya askari wetu waliofia vitani, karibu na mto Kiamichi. Anayeandika ni Clovis Impson, fundi wake, ambaye hajawahi kushindwa na injini yoyote.

Limebeba askari, mawe, maji, na kila Machi vitunguu pori vya karamu ya kanisa. Mwaka ule wa barafu lilivuta kanisa zima kutoka bondeni, waumini wakiwa ndani, wala hawakukatisha wimbo. Wapo wanaosema lililovutwa ni basi la kanisa tu. Hao hawakuwepo.

Dereva wake alikuwa Harlan Noahubi, ambaye jina lake ni la kwanza kwenye jiwe la kumbukumbu. Miaka ishirini iliyopita aliichezea timu yetu mpira wa vijiti, mchezo ambao bao hupatikana mpira ukiigonga nguzo, na mimi nikaegesha lori nyuma kabisa ya nguzo ya goli ili mapipa ya maji yawe karibu. Ndilo kosa langu pekee kazini. Dakika ya mwisho Harlan alirusha, mpira ukaikosa nguzo ukapasua kioo cha mbele cha lori. Tukafungwa nane kwa saba. Alitaniwa Jumapili nzima. Jumatatu akaondoka na kikosi chake kwenda vitani, na hakurudi.

Mwezi uliopita Mwenyekiti wa sherehe, Amos Tonihka, aliniagiza nibadilishe kioo. Nilipofika na bisibisi, nikamkuta Dada Orlena, dada mkubwa wa Harlan, ameketi kwenye kiti cha dereva, sufuria ya mahindi na nyama ya nguruwe mapajani.

"Clovis, kiguse hicho kioo uone!"

"Dada, nimetumwa tu. Kimeharibika."

"Hata wewe umeharibika, mbona hatujakubadilisha?"

Mwenyekiti akaja mbio. "Dada Orlena, wageni watauliza ule ufa ni wa nini."

"Waambie ni mkono wa mdogo wangu. Sina alama yake nyingine."

Amos, ambaye siku ile ya mchezo aliilinda nguzo upande wa wapinzani wetu, alivua kofia. Akaukodolea macho ule ufa.

"Harlan hakukosa," akasema. "Mpira ulikuwa unaenda kwenye nguzo. Niliupangua kwa mkono. Mwamuzi hakuona, nami nikanyamaza."

Kwa mkono! Hata watoto wetu wanajua mpira huguswa kwa vijiti tu.

Dada Orlena alimtazama mpaka mimi mwenyewe nikatamani kukimbia. Kisha akafunua sufuria.

"Shika kijiko, Amos. Ule kwanza. Halafu Jumamosi utayasema hayohayo kwenye kipaza sauti."

Kwa hiyo ufa unabaki. Kioo kipya nimekifunga kwenye banda langu la kuku, na sasa kuku wangu wanaona mpaka Teksasi. Jumamosi Dada Orlena ndiye atakayezima injini kwa mara ya mwisho, Mwenyekiti akishamaliza kusema.

Namba Saba, ahsante kwa kila mzigo. Upumzike vizuri, matairi yako yasiguse tope tena. Matokeo yamerekebishwa: nane kwa nane.