Kidude cha Tangi la Kinondo

Kijiwe cha Kinondo hakihitaji kibao. Fuata harufu ya kahawa ya tangawizi na kelele za watu wasiokubaliana. Siku hiyo, pale panapowekwa bao kwa kawaida, palikuwa na kompyuta na kisanduku kidogo chenye antena. Kando yake alikaa Husna, fundi wa mitambo, kahawa yake imepoa bila kuonjwa. Kisanduku cha pili kilikuwa juu ya mnara wa tangi la maji, hatua mia tatu kutoka hapo. Kazi yake ni moja: kupima maji na kutuma namba hewani kila dakika. Jumatatu kilituma vizuri. Tangu juzi, kimya. Kamati ya maji ingefika baada ya sala ya alasiri, na mwenyekiti ashasema kama hakifanyi kazi kirudishwe kilikotoka.

Aliyeumia zaidi ni Ami Abdulrahim, mwangalizi wa tangi. Miaka kumi na tisa amepanda ngazi ile mara tatu kwa siku kuchungulia maji, na magoti yameshamkataa. Kidude kile alikipenda kama mkwe mwema. Alikifunga juu kwa mikono yake mwenyewe, Husna akimwelekeza kutoka chini.

— Betri ni nzima, — Husna alisema, akihesabu kwa vidole. — Masafa ya redio ya huku na ya kule ni yale yale. Nikisimama chini ya mnara, napata namba mojamoja. Nikirudi hapa, hakuna kitu.

Kheri, anayeitwa Setilaiti kwa sababu zamani alifunga madishi ya televisheni Ukunda, alikohoa kitaalamu.

— Ni hoteli za Galu hizo. Waifai zao zina njaa. Mawimbi yako yakitoka tu, yashamezwa.

— Namba za tangi letu wazitakie nini? — Husna aliuliza.

— Mgeni akijipaka sabuni hataki kujua maji yamebaki kiasi gani?

— Wallahi ni kweli, — Abdulrahim alidakia. Alikuwa tayari kumlaumu yeyote, mradi si kidude.

— Nyote hamjui kitu, — alisema Dzombo, ambaye jina lake la benchini ni Bunge, maana akishika neno haliachi. — Mgeni akiingia msitu wetu mtakatifu wa Kaya huvishwa shuka nyeusi ya kaniki kwanza, akapewa na mtu wa kumwongoza. Haya, mawimbi ya Husna yanapita juu ya msitu ule ule kila dakika. Yamevaa nini? Yameomba ruhusa kwa nani?

— Basi Jumatatu yalipitaje? — Husna aliuliza.

— Jumatatu yalisamehewa kwa ugeni.

Setilaiti hakukubali kushindwa.

— Basi ni ndege za uwanja wa Ukunda. Namba zimedandia ndege. Saa hii ziko Nairobi, anazisoma mtu asiye na hata ndoo.

Husna aliinuka.

— Ami, hebu nipande nikatazame.

— Binti wa watu upande mnara mbele ya wanaume wazima? Mara ngapi nikwambie? Juu kuko sawa. Nimetazama mwenyewe asubuhi.

Husna akakaa. Mtu wa rika la babake akishasema kuko sawa, utamwambia hakuko?

Ndipo akaja Kache, muuza viazi karai, na dumu tupu mkononi.

— Shikamooni wazee. Maji yapo?

— Marahaba. Ndilo jambo tunalolitafuta, — Bunge alijibu, akamweleza habari yote, pamoja na kaniki.

Kache alisikiliza mpaka mwisho.

— Na tangu Jumatatu, huko juu kumebadilishwa nini?

Abdulrahim alihisi masikio yakipata moto.

— Nimekitia ndani ya debe la biskuti, — alisema polepole. — Tumbili walikuwa washaanza kukichezea.

— Debe la bati, Ami?

— La bati. Na mfuniko nimeufunga kwa waya.

— Ami! Bati linazuia mawimbi! Si nilikuuliza kama kuko sawa?

— Na kuko sawa! Hakuna tumbili aliyekigusa tena!

Benchi zima liliangua kicheko, hata Kache na dumu lake. Abdulrahim hakucheka. Alishika goti, akataka kusimama aende akalifungue mwenyewe, lakini Husna alimwekea kompyuta mapajani.

— Wewe tazama hapa, Ami. Mimi napanda.

Safari hii hakumkataza. Wanaume wazima walimtazama akikwea mnara na kukitoa kidude debeni. Dakika ilipita. Mwadhini alianza kuadhini. Kwenye kioo ikatokea namba: asilimia sabini na nne.

— Inasoma ngapi? — Husna aliita kutoka juu.

Abdulrahim aliigusa namba ile kwa kidole. Jumatatu alikuwa juu akikifunga kidude; maji ya tangi lile hakuwahi hata siku moja kuyajua akiwa amekaa. Alifuta macho kwa ncha ya kikoi, na Kache ndiye aliyemjibu Husna.