Harshida Vaghela (1957–2025): Miaka Thelathini na Sita Kwenye Hadubini

Marehemu Harshida Vaghela alizaliwa tarehe 14 Agosti 1957, Mchafukoge, Dar es Salaam, akiwa mtoto wa tatu na binti pekee wa marehemu Mzee Devendra, muuza vitambaa. Alisoma Uhuru Mchanganyiko, kisha Sekondari ya Jangwani, na mwaka 1980 akapata stashahada ya maabara ya mifugo mjini Morogoro.

Kuanzia 1981 hadi alipostaafu 2017 alifanya kazi katika maabara ya mifugo hapa jijini. Alikata vipande vyembamba vya uvimbe wa mbwa, akavitia rangi, na kwa hadubini akatambua uvimbe umetokana na tezi gani ya ngozi, ya jasho, ya mafuta au zile za karibu na mkia, na kama ni saratani. Watu walimtania, "Msomi mzima, kazi yako vipele vya mbwa?" Naye alijibu, "Lete na chako nikiangalie."

Mwaka 1996 alisoma kipande cha uvimbe wa Komando, mbwa wa Mzee Fikirini, mlinzi wa ghala kule Jangwani, akaandika kwamba uvimbe hauna madhara. Siku tatu roho haikumtulia. Akatia rangi kipande kingine, akaona seli za saratani pembeni. Hakumtuma mtu. Alikwenda mwenyewe, mvua ikinyesha, viatu mkononi.

"Shikamoo, mzee. Nilikosea. Komando apasuliwe tena, haraka."

"Marahaba. Tope lote hili kwa ajili ya mbwa?"

"Ile karatasi ya majibu ina jina langu, mzee."

Komando alipasuliwa, akaishi miaka mitano zaidi.

Tarehe 2 Februari 1985 alikuwa amefunga ndoa na Bwana Kartik, muuza vipuri wa Kariakoo. Nyumbani Bwana Kartik aliweka sheria moja: habari za uvimbe ni baada ya kula. Marehemu aliitii labda mara mbili.

Novemba 2024 alianza kuumwa tumbo. Hospitali walipochukua kipande cha ini, aliomba akione mwenyewe. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akamgeukia Sabaha, binti wa maabara aliyekuwa amekisoma na kukuta saratani.

"Umesoma sawasawa, mwanangu. Andika hivyo hivyo, usipunguze neno."

Alifariki nyumbani, Jumapili tarehe 9 Machi 2025, saa kumi na moja alfajiri, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto wawili, Manan na Megha, wajukuu watatu, na mimi Charmi, binti wa kaka yake, ninayesoma haya. Shangazi, umefanya kazi yako vizuri. Pumzika sasa, kwa amani.