Bomba Lirudi Kwenye Mashine

Nilikuwa nimepiga magoti uani nasugua zulia kwa brashi, Jumatatu ya tarehe 4 Machi 2024, fundi wa kuchomelea vyuma aliposimama mlangoni akaniambia niache hilo povu, baba watoto anapigwa bandani.

Huyo baba watoto, ambaye wengi wenu mlimwita Mkavu, ndiye tunayemzika leo. Alizaliwa tarehe 19 Juni 1969, mtoto wa tatu wa dereva wa lori na mshona nguo, akamaliza darasa la saba, akafukuzwa kidato cha pili kwa kumvunja kiranja meno mawili, na hilo sitalipamba, alikuwa na mkono mwepesi. Alifua mazulia hotelini, tukaoana Desemba 1994, akaninyanyulia mkono mara moja, nikamjibu kwa brashi ya sakafu, tukaheshimiana tangu siku hiyo. Tulijaliwa wana watatu, na wote wamerithi mkono wa baba yao.

Alipofungua banda lake mwaka 1998, hakutoa zulia kabla ya kulipitishia mashine ya kufyonza maji mara mbili, kwa urefu kisha kwa upana, kwani maji yakibaki chini hupanda juu na doa. Mara moja tu alikubali kuharakishwa na mwenye duka la samani aliyekuwa anangoja wageni, akalitoa zulia likiwa limepitiwa mara moja, na doa likachomoza wageni wakiwa wamekaa. Mteja huyo alirudi na vijana wawili, wakachomoa bomba la chuma la mashine, wakampiga nalo mbavu na kichwa, naye akamng'ata mmoja sikio, wakamvunja taya, na muda wote huo mashine ilikuwa inanguruma, majirani wakadhani ni kazi.

Wawili wamekamatwa. Wa tatu bado, na wanangu wanajua anapolala.

Bomba lile walilichukua polisi, lakini kifungua mimba wangu alificha la akiba chini ya kitanda, shemeji, ndugu yake marehemu, akamwambia mgonjwa. Jumamosi tarehe 9, akiwa kitandani hospitalini, taya imefungwa waya, alimwita kijana akamuuliza liko wapi.

"Lirudishe kwenye mashine," alisema kupitia meno. "Mimi nimetosha."

Alifariki jioni ile.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliokesha naye, fundi wa kuchomelea aliyembeba mgongoni hadi barabarani, na wafua mazulia wenzake waliomaliza kazi za wateja wetu bila kuombwa.

Jana usiku nilipakua chakula nikahesabu vichwa. Kifungua mimba yupo, wa kati yupo, kitinda mimba yupo, shemeji yupo, amekaa karibu na mlango na viatu miguuni, lakini yupo, na anakula. Nilikwenda bandani na tochi, bomba liko kwenye mashine. Leo nitapakua tena, nitahesabu tena.

Pumzika, baba watoto. Tupo wote.