Koti Linalopumua

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, na kinyozi ni mimi, kwa hiyo nasikia kila kitu hata mkasi ukiwa sikioni mwa mteja. Ijumaa ile alikuwepo Injinia, anayetengeneza mafriji na hajawahi kukiri kwamba kuna kitu asichokijua. Alikuwepo Sindano, fundi cherehani, mtu wa maneno machache na yote yanachoma. Alikuwepo Shangazi na birika lake la kahawa. Na alikuwepo Posta, aliyesambaza barua za watu kwa baiskeli miaka thelathini na moja hadi akastaafu. Alikuwa amepakata makoti mawili ya mvua: la manjano, zito, linang'aa kama ndoo mpya, na la bluu, jepesi kama shuka. Mwenye duka alimwachia yote mawili achague moja kabla ya saa tisa. Jumatatu alikuwa anaanza safari ya siku nne, kwa baiskeli, kwenda kumwona mjukuu wake wa kwanza.

— Chukua la manjano, alisema Injinia. Hiyo ni plastiki kamili. Hapo hapiti hata mbu.

— La plastiki nilivaa mwaka jana, Posta akajibu.

Sote tulijua. Mwaka jana alijaribu safari hiyohiyo ya kwa binti yake, na siku ya pili, akipanda mlima, jasho likamjaa humo ndani kama mtu aliyetumbukia kisimani. Aliposhuka upande wa pili, upepo ukamkuta amelowa. Tuliletewa mtu wetu juu ya lori la vitunguu, na nimonia ikamlaza wiki tatu. Daktari alimwambia asirudie mchezo huo na mapafu yake.

— Mwenye duka anasema hili la bluu linapumua, Posta akasema.

Shangazi akalisogelea.

— Pua yake iko wapi?

— Linatoa mvuke wa jasho nje, Shangazi. Lakini mvua haliingizi.

— Sasa linajuaje lipi jasho, ipi mvua?

Injinia akajiweka sawa kwenye benchi. Tukajua tumekwisha.

— Rahisi sana. Jasho lina chumvi, mvua haina. Koti linaonja.

— Linaonja!

— Linaonja, bwana. Likikuta chumvi, linafungua. Likikuta maji matupu, linafunga.

— Na akipita kando ya bahari? nikauliza.

— Hapo atalowa. Kanuni ni kanuni.

— Na akilivaa ndani nje? Sindano akachokoza.

Injinia akanywa funda moja kwanza.

— Usimtakie mwenzio mabaya. Litanyonya mvua ya mtaa mzima limjaze yeye. Atafika kwa binti yake amevimba kama pipa, mtoto amkimbie.

— Mtoto ana siku kumi na mbili, Injinia.

— Atakimbia hivyohivyo.

Tukacheka hadi mteja wangu akaniomba niweke mkasi chini. Posta hakucheka.

— Jamani, mimi naondoka Jumatatu, alisema. Nimebeba habari za vichanga vya watu mlango kwa mlango. Huyu ni wangu. Nisaidieni nichague.

Utani ukatuponyoka. Nikaingia ndani nikatoka na kioo changu cha mkononi. Shangazi akamimina kahawa ya moto, tukafunika kikombe kwa mkono wa koti la manjano, nikashika kioo juu yake. Kioo kikabaki safi, lakini tulipofunua, plastiki ilikuwa inadondosha matone kwa chini. Akamimina kikombe kingine, tukafunika kwa la bluu. Kioo kikaingia ukungu. Sindano akamwaga maji juu ya kitambaa hichohicho. Yakajikunja vitone vitone, yakateremka, hayakuingia.

— Linapumua! Shangazi akapiga kofi.

— Kahawa si mtu, alisema Injinia.

— Basi vaa wewe, Sindano akamwambia.

Akavaa la manjano, akafunga zipu hadi kidevuni. Tukamweka juu ya baiskeli ya Posta, imesimama kwenye stendi, gurudumu la nyuma likizunguka hewani. Shangazi akapanda kiti, akawa mvua kwa ndoo ya kumwagilia maua. Baada ya robo saa Injinia alishuka anahema, akafungua zipu. Shati lilikuwa limemganda mwilini.

— Koti limetoboka, alisema. Hii ni mvua.

— Onja, alisema Sindano.

Injinia akatutazama mmoja mmoja. Akauvuta mkono wa shati nje ya koti, akaulamba.

— Mvua yenyewe ina chumvi kidogo.

— Yangu nimechota bombani, alisema Shangazi.

Posta akapanda na la bluu, muda uleule, mvua ileile. Alishuka ana unyevu shingoni na mgongoni, basi. Sindano akalichukua akaligeuza. Akatuonyesha utepe uliogandishwa juu ya kila mshono ili maji yasipenye matundu ya sindano, na mgongo mrefu unaofunika hadi kwenye tandiko. Kisha akafungua zipu mbili ndogo chini ya makwapa.

— Ukipanda mlima, fungua hizi. Ukishuka, funga. Hutakuwa mkavu kama uko kitandani kwako. Koti likikuahidi hivyo, linakudanganya. Ila upepo haukukuti umelowa chapachapa.

Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi hicho. Posta akalikumbatia la bluu, macho yamemlegea.

Hapo ndipo mkewe Posta akatokea kwenye kona. Tukamwamkia, akaitikia, akapapasa kitambaa.

— Hili ndilo mlilochagua?

— Ndilo, Mama, tukajibu kama darasa zima.

— Vizuri. Na langu lipi?

Injinia, aliyekuwa bado amevaa la manjano, akaanza kulivua polepole. Sindano akamkanyaga mguu, akalivaa tena.

— Lako la nini? Posta akauliza.

— Kwani huyo mjukuu ni wako peke yako? Mwaka jana ulikwenda peke yako, nikaletewa mgonjwa. Nimeazima baiskeli ya dada yangu. Mwezi mzima, kila asubuhi ukienda kuketi hapa, mimi nazunguka uwanja wa shule.

Posta alimwangalia kama mtu aliyepokea barua yenye jina lake. Kisha akatazama saa, akamshika mkono, wakaenda dukani.

Jumatatu waliondoka manyunyu yakianza, bluu mbili zikififia barabarani. Siku tano tulikaa bila raha. Injinia hakueleza chochote kwa mtu yeyote. Siku ya sita binti yao akanitumia ujumbe, nikausomea benchi:

“Wamefika salama. Baba hakohoi. Anachukia tu kwamba Mama alikuwa akimsubiri juu ya kila mlima.”